Kabla ya kununua gasketi mpya, tazama kifuniko kinavyokaa

Moshi ukianza kuvuja kando ya kifuniko cha jiko la kauri, wengi hukimbilia kununua gasketi, ule ukanda unaobandikwa ukingoni ili kuziba. Si ajabu, maana ndiyo inayoonekana imechoka: imeungua, imekuwa nyeusi, pengine imebanduka kipande. Nimepikia jiko la namna hii kwa muda mrefu na nimewasaidia marafiki kurekebisha yao, na ushauri wangu ni huu: anza na jinsi kifuniko kinavyokalia chungu cha chini. Gasketi kazi yake ni kuziba mwanya mdogo uliobaki baada ya kauri mbili kukutana sawasawa. Kifuniko kilichokaa upande hakitengemai kwa gasketi, hata uweke nene namna gani.

Nazungumzia yale majiko mazito ya mkaa yenye umbo la yai, asili yake Japani, yanayojulikana kwa jina la kamado. Ndani yake moto hutawaliwa na hewa peke yake. Hewa huingia kwa mlango wa chini, hupita kwenye makaa, hutoka kwa tundu la juu, na wewe mpishi unaongeza au unapunguza joto kwa kufungua na kufunga milango hiyo miwili. Kifuniko kikivuja, hewa inapata njia ambayo huna mkono juu yake. Unataka nyuzi 110 za Selsiasi ili nyama iive polepole, unabana milango karibu yote, na bado kipimajoto kinapanda. Tena kauri hushika joto, kwa hiyo likishapita kiwango unachotaka utasubiri sana lishuke. Hasara nyingine huja baada ya kupika. Jiko linaloziba vizuri, ukifunga juu na chini, moto hukosa hewa ukafa na mkaa uliobaki unautumia siku nyingine. Jiko linalovuja hukuachia majivu.

Lakini si kila moshi ni ugonjwa. Ukiwa ndiyo kwanza unakoka na moshi ni mwingi, kiasi kidogo kitapenya penye ukingo hata kwenye jiko lisilo na kasoro. Kipimo ninachokiamini ni cha kufunga: jiko likiwa na moto wa kawaida, funga milango yote miwili na utazame. Joto likishuka mfululizo na baadaye ukakuta makaa yamezima yangali vipande, jiko lako halina shida ya kukunyima usingizi. Kama linaendelea kuwaka, fungua sanduku la spana. Ila hakikisha kwanza kwamba kinachovuja ni kifuniko kweli: mlango wa chini usiokaa vizuri kwenye kauri, au kofia ya tundu la juu iliyojaa masizi, hukupa dalili zile zile.

Jiko likiwa baridi kabisa, chukua ukanda wa karatasi, uweke ukingoni, funga kifuniko, kisha uvute. Rudia kuzunguka jiko lote. Panapobana utahisi karatasi inakataa, na panapovuja itatoka bila ubishi. Usiku unaweza kuweka tochi inayowaka ndani, ukafunga, ukatafuta mwanga unapochungulia. Mimi hutumia njia zote mbili, kwa sababu tochi huonyesha mwanya mkubwa tu, ilhali karatasi hukwambia hata pale gasketi inapogusa bila kubana.

Mahali pa mwanya ndipo penye habari yote. Kifuniko kimeshikwa na pete ya chuma, na pete hiyo imefungwa kwenye bawaba kwa nyuma. Kauri ikishuka ndani ya pete yake, ukingo wa nyuma hugusa kwanza na mbele hubaki wazi. Ikiwa imekaa juu mno ndani ya pete, mbele hugusa mapema na mwanya unakuwa upande wa bawaba. Na kama imesogea kushoto au kulia, ukipitisha kidole ukingoni utahisi ngazi: upande mmoja kifuniko kimetokeza, upande wa pili kimeingia ndani. Chanzo kikubwa cha haya ni bolti kulegea. Chuma hutanuka kwa joto kuliko kauri, kwa hiyo pete hulegea kidogo kila jiko linapochacha, na baada ya mioto mingi mikali kifuniko huanza kutembea.

Marekebisho yenyewe si magumu, ila yanataka utulivu. Ondoa kofia ya juu ili isianguke. Acha kifuniko kimefungwa, na kisifunguliwe hata kidogo wakati bolti za pete ya juu zimelegea. Hapo sitanii: jiko lenye wavu wa sentimita 46 hivi linaweza kupita kilo 70 kwa jumla, na kifuniko kikichomoka kwenye pete kitapasuka chini au kwenye mguu wako. Tena bawaba nyingi zina springi zenye nguvu. Ukiinua pete bila uzito wa kauri ndani yake, inaweza kufyatuka juu kwa kasi ya kuvunja kidole.

Legeza bolti za pete ya juu kiasi cha kauri kuweza kusogea, basi. Mara nyingi uzito wa kifuniko wenyewe utakifanya kitulie juu ya chungu, na utakiona kimeshuka. Kisukume kwa viganja, huku na huku, hadi kidole kisisikie ngazi popote. Kisha pima kwa rula kutoka pete hadi ukingo, sehemu kadhaa kuzunguka. Urefu usipolingana, pete imekaa mshazari na itabidi uigonge taratibu kwa nyundo ya mpira. Sasa kaza bolti kwa kupokezana, hii kidogo na ile kidogo, ili pete ibane sawasawa pande zote. Mara ya kwanza kukiinua, inua sentimita chache tu, mtu mwingine akiwa amekishika, mkitazama kama kauri inapanda pamoja na pete. Ikibaki nyuma, shusha na ukaze zaidi. Ikipanda nayo, rudia kipimo cha karatasi.

Majiko mengi niliyoyashika yaliponea hapo, na gasketi nzee ikaendelea na kazi.

Kama karatasi bado inatoka bure sehemu fulani, na gasketi hapo imekuwa ngumu au imeliwa na moto, basi ibadilishe. Zipo za sufu iliyoshindiliwa, za Nomex, yaani nyuzi za viwandani zinazostahimili joto, na za nyuzi za kioo. Nomex hufaa kwa mpishi wa moto wa chini, lakini huanza kuharibika karibu na nyuzi 370, joto ambalo apikaye piza hulifikia bila kutaka. Mimi napendelea za nyuzi za kioo kwa sababu hustahimili zaidi, ingawa nyuzi zake huwasha ngozi, kwa hiyo vaa glavu unapozikata.

Asilimia kubwa ya kazi ni kusafisha. Kwangua gasketi kuukuu kwa bapa la chuma, kisha futa gundi iliyobaki kwa kitambaa chenye asetoni. Asetoni hushika moto upesi mno, basi jiko liwe baridi, uwe mahali penye hewa, na usubiri ikauke yote. Pitisha msasa laini, futa vumbi. Gundi ikikuta masizi au mafuta haitashika, na hiyo ndiyo sababu gasketi mpya nyingi hubanduka mapema. Anzia nyuma karibu na bawaba, ibandike bila kuivuta. Ukiivuta itajirudi baadaye na kuacha pengo penye kiungo. Ncha mbili zikutane bega kwa bega, zisipandane, maana zikipandana zinainua kifuniko na kuzaa mwanya mwingine pembeni. Funga kifuniko, ukiache siku nzima kibane gundi, halafu moto wa kwanza uwe wa chini.

Silikoni ya kuzibia injini wengine huipaka moja kwa moja ukingoni. Sishauri kuifanya mbadala wa gasketi. Joto kali la jiko hili laweza kuipita uwezo wake, na kuikwangua baadaye ni adha. Ufa ulio kwenye rangi ya juu tu ya kauri hauna neno. Ufa uliopenya kifuniko usiuzibe kwa saruji. Soma dhamana uliyopewa na jiko, kwa sababu watengenezaji wengi huitoa hasa kwa ajili ya kauri.

Jiko likishaziba, utakuta mazoea yako ya zamani ya milango hayafai. Pale ulipokuwa ukiacha uwazi wa kidole, sasa utahitaji chini ya hapo, kwa sababu awali mwanya ulikuwa ukichangia hewa. Jifunze upya kwa moto mdogo kabla ya kupikia wageni. Na jambo ambalo naomba ulishike: jiko linaloziba vizuri hujaa gesi za moto zilizokosa hewa. Ukilifungua ghafla, hewa huingia na moto hulipuka usoni. Inua kifuniko sentimita tano hivi, uso ukiwa mbali, ngoja sekunde chache gesi zitoke, ndipo ufungue. Baada ya mioto michache ya kwanza, jiko likiwa limepoa, rudi na spana ukaguse zile bolti. Utakuta angalau moja imelegea.