Jibu: Hadithi za bibi ziwe kitabu cha picha

Dada yangu, umeuliza uanzie wapi ili hadithi ambazo bibi huwasimulia watoto usiku ziwe kitabu cha picha. Anza na bibi mwenyewe, mchoraji baadaye. Mrekodi kwa simu akiwa na wajukuu wakati wa kulala, maana akiwa peke yake atafupisha. Utasikia "Paukwa!" na watoto wakiitika "Pakawa!", na ule wimbo wa sungura unavyorudiwa. Usiufute wimbo huo! Ndio watakaoukariri kabla hawajajua kusoma.

Kisha chagua hadithi moja tu. Vitabu hivi kwa kawaida huwa na kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16. Ukitoa kurasa za mwanzo, unabaki na nafasi ya picha 12 hadi 14 za kurasa mbili mbili. Kinachoonekana kwenye picha kiondoe kwenye maneno: fisi akichorwa mbavu nje, huna haja ya kuandika kwamba ana njaa.

Mchoraji mwandikie mkataba, hata akiwa binamu yako. Na jina la bibi liwe kwenye jalada, tafadhali.