Mhubiri akikata sentensi katikati, mkalimani aanze na nini?

Msomaji mmoja anayetafsiri mahubiri toka Kiingereza anauliza: mhubiri anasema tuna hiki, anamwaga sifa mbili tatu, halafu kabla hajataja chenyewe ananyamaza, ananigeukia nitafsiri. Nikirusha "tunaye mkuu, wa ajabu", yeye anamalizia na ahadi, sio Mungu, watu wanacheka. Nifanyeje?

Pole, hapo umebanwa kweli. Kiingereza kinatanguliza sifa na hazibadiliki, Kiswahili kinataka nomino kwanza ndo sifa zifuate zikivaa ngeli yake, kwa hiyo lazima ungoje au ukisie. Wakalimani wenzako kwenye kesi za viongozi wa Nazi kule Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1945 walisumbuka hivyohivyo na Kijerumani maana kitenzi mara nyingi kinakaa mwisho kabisa. Na anayesikiliza naye anakisia, tena fasta: mtu akisema "amekivunja" tu, ushawaza kikombe, kioo, kiti, gari halimo. Watafiti Kutas na Hillyard walipima umeme wa ubongo, matokeo yakatoka 1980, waliwapa watu wasome mambo kama mtu kupaka mkate soksi, basi kama milisekunde 400 baada ya hiyo soksi ubongo unatoa wimbi lake kabisa la kukutana na neno usilolitegemea. Sasa ile -ye ya "tunaye" ishawapeleka waumini kwa mtu au Mungu, ukileta ahadi lazima wageuze kichwa.

Mi nakushauri sema "tuna" tupu, haijajifunga na ngeli yoyote, halafu tulia, acha kimya kiwe chake yeye. Akikukazia macho, sema "tuna jambo kuu, jambo la ajabu", akishataja unaunga "nalo ni ahadi". Ila kama somo la siku ni Zaburi ya kumsifu Mungu usithubutu kumwita jambo, hapo kisia tu "tunaye Mungu", utapatia mara nyingi. Na ukibaki njia panda kati ya ahadi, neno na habari, "kubwa" inakaa kote, ila "nzuri" itakuumbua kwenye neno.

Ukiteleza usirekebishe kiambishi peke yake, ile "mkuu, aa, kuu" inawachanganya zaidi, rudia na nomino yake: "tunayo ahadi, ahadi kuu", endelea.