Muulize Shangazi: Nina miaka 46 nimerudi shule, kichwa hakishiki

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, sekondari niliachia njiani nikaolewa, sa hivi nina miaka 46 na nimejiandikisha madarasa ya jioni ili nimalizie. Tatizo kichwa hakishiki kabisa yani. Nasoma ukurasa mmoja mara tatu nne, nikifunga daftari hamna kitu. Muda wangu wa kusoma ni usiku watu wakishalala, nakaa mpaka saa saba, kichwa kinauma na maandishi yanachezacheza. Darasani wenzangu ni sawa na mwanangu wa kwanza, wao wanajibu mi bado natafuta ukurasa. Mume wangu hajanikataza ila kashasema mara mbili kwamba hiyo ada ingewafaa watoto. Je, akili ikishazeeka ndo basi tena? – Mama Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na macho, maana barua yako imenishtua hapo kuliko hapo kwenye kichwa. Mtu akishavuka miaka 40 lenzi ya jicho inaanza kukakamaa, na hii ni kwa kila mtu, hata yule aliyekuwa anaona vizuri ujana wake wote, sasa vitu vya karibu inabidi ukazane kuviona, ukikazana kichwa kinauma, mstari unaurudia, afu mwisho wa siku lawama zote unaitupia akili ambayo haijakosa kitu. Nenda kapimwe macho kabla hujafanya lingine lolote, na wakikupa miwani ya kusomea uvae mpaka darasani.

Kuhusu akili kuzeeka, sikufichi, kasi inapungua kweli, kijana wa miaka 20 atakuwahi kujibu na hilo usipambane nalo. Ila msamiati na kuelewa mambo kunaendelea kukua mpaka watu wanafika miaka ya 60 huko. Na ubongo wa mtu mzima bado unabadilika kwa kusoma. Mwaka 2011 watafiti wa London walitoa matokeo ya watu wazima waliokuwa wanasomea udereva wa teksi, mtihani wao pale unataka ujue kwa kichwa mitaa kama 25,000 na maandalizi yake yanachukua miaka mitatu minne. Waliwapima ubongo mwanzoni na mwishoni, na waliofaulu walikutwa sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo linalohusika na kumbukumbu, imeongezeka. Hao ni watu wazima mwanangu, wala sio watoto wa shule.

Sasa hapo kwenye kurudia ukurasa mara nne ndo pa kubadilisha. Kusoma tena na tena kunakudanganya, maneno unayazoea machoni unahisi umeelewa kumbe hayajakaa. Kuna jaribio la wanasaikolojia wawili, Roediger na Karpicke, la mwaka 2006, wanafunzi waliokuwa wanarudia kusoma walionekana wazuri wakiulizwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliokumbuka zaidi ni wale ambao badala ya kurudia walifunga karatasi wakajaribu kuandika wanachokumbuka. Kwa hiyo we soma mara moja taratibu, funga, andika unachokumbuka hata kama ni mistari miwili tu, ndo ufungue uone umeacha nini. Kesho yake jiulize tena, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki. Itakuuma mwanzoni maana utaona mapengo yako waziwazi, vumilia, hilo zoezi la kuvuta kitu kichwani ndo linalokifanya kikae. Na huyo mwanao mkubwa mpe daftari akuulize maswali.

Saa saba usiku acha kabisa. Ulichosoma kinapangika ukiwa umelala, ukiukata usingizi unajiibia mwenyewe. Bora nusu saa alfajiri kichwa kikiwa kimetulia. Tena hiyo nusu saa isemwe wazi nyumbani kwamba ni ya mama na asiitwe, usiwe unasoma kwa kujificha kama mtu anayefanya kosa.

Hao vijana wa darasani tafuta mmoja msome pamoja, mweleze somo kwa maneno yako, pale utakapokwama ndo ujue hapo hujaelewa.

Mume wako kusema mara mbili maana yake linamkera na hajalisema lote. Usimjibu kwa hasira wala usinyamaze, kaeni na karatasi muandike ada yako ni ya lini, za watoto ni za lini, na ukimaliza hicho cheti unataka kufanyia nini, hiki cha mwisho ndo wengi hawamwambii mwenza halafu wanashangaa hawaungwi mkono. Mkiona haitoshi kweli, kaulize shuleni kama wanapokea kwa awamu, au mwaka huu chukua masomo mawili matatu mengine mwakani. Kupunguza masomo naafiki, kuacha siafiki.