Uyoga wa kwenye ukoka: tule au tutupe?

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi ni shamba boi wa hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi, upande wa Casuarina. Tangu masika yaanze, kwenye ukoka karibu na kisiki cha mwembe tuliokata kumeota uyoga mweupe, kofia moja yajaza sahani, nao umejipanga duara. Mke wangu asema ndio ule ule waliokuwa wakiuchuma vichuguuni kwao Ganze na kuupika kwa nazi. Mwenzangu kazini asema tuuchemshe na kijiko cha fedha. Kisipogeuka cheusi, twale. Nami nimeona konokono wanautafuna na hawafi. Picha nimekuletea. Twaweza kuupika?
Mkata Ukoka, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msiupike, na mama watoto asinikasirikie. Uyoga wa kwao naujua, na utamu wake naujua. Ule ni wa mchwa wenyewe, wanaukuza ndani ya kichuguu kwa miti waliyoitafuna. Mfaransa Roger Heim aliupa jina la kitaalamu, Termitomyces, mwaka 1942, lakini wazee wa Ganze hawakumngoja.

Huu wako, kwa yale magamba ya kahawia niyaonayo katikati ya kofia, nadhani ni Chlorophyllum molybdites. Wataalamu wameuandika tangu 1818, na makazi yake hasa ni ukoka wa nchi za joto. Anayeula hutapika na kuhara, mara nyingi kati ya saa 1 na 3 baadaye. Mtoto mdogo huweza kuishiwa maji akalazwa. Hila yake ni kwamba ukiwa mchanga, ile mikunjo ya chini ya kofia ni myeupe kabisa, haina hata dalili ya ubaya.

Lakini picha si ushahidi, kwa hiyo fanya hivi. Jioni chagua mmoja uliokwisha kufunguka. Usiung'oe kwa pupa, chimba polepole ukifuata shina. Wa mchwa una mzizi mrefu unaozama kuelekea kichuguuni, na kileleni mwa kofia mara nyingi pana ncha ngumu iliyotoboa udongo. Wako utaishia karibu, chini umevimba, na ile pete ya shinani ukiisukuma kwa kidole yapanda na kushuka. Kisha kata shina, laza kofia kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, funika kwa bakuli upepo wa bahari usiingie, ukalale. Asubuhi inua kofia. Utakuta vumbi limejichora mistari kwenye karatasi. La uyoga wa mchwa lina uwaridi hafifu. La huu nategemea liwe kijani kilichofifia, kama hina ya unga. Ukikiona kijani, mjadala wa nyumbani umekwisha. Ila waridi nalo si ruhusa ya kuinjika sufuria, maana kuna uyoga mwingine wa vumbi hilo unaodhuru.

Kijiko kiacheni kwenye sukari. Fedha hugeuka nyeusi kwa salfa, hata yai huigeuza. Sumu ya uyoga haina habari nayo. Na konokono ana tumbo lake, hula hata uyoga unaoua watu. Ziko aina za uyoga wa jamii ya Amanita ambazo sumu yake haiondoki kwa moto: mtu hukaa saa 6 au zaidi bila dalili, hutapika, kisha hupata nafuu ya uongo na huku ini laharibika. Basi akitokea aliyekula uyoga asioujua, msingoje aumwe. Hospitali moja kwa moja, na mabaki ya uyoga mbichi kwenye mfuko wa karatasi.

Tena ukoka wa hoteli! Wewe mwenyewe wajua unanyunyiziwa nini. Hata ungekuwa uyoga halali, mimi nisingeugusa. Meneja akitaka upige dawa ya kuvu, mwambie atapoteza pesa: unajilisha mizizi ya mwembe inayooza chini. Ng'oeni kisiki, na kwa sasa uokote kila asubuhi kabla watoto wa wageni hawajatoka kucheza. Kuushika hakudhuru, nawa tu mikono.

SWALI: Bi, kwenye mitungi ya maua katika uwanja wa ndani wa nyumba yetu huku Lamu kumeota viuyoga vya manjano, manjano ya kupaka. Asmini yangu itakufa?
Mama wa Asmini, Lamu

JIBU: Haifi. Huo huitwa Leucocoprinus birnbaumii, huja na udongo wa mbolea na hula majani yaliyooza, mizizi hai hauigusi. Kuuchimbua wote hutaweza; punguza maji tu. Usiliwe, huchafua tumbo. Kama nyumbani pana mtoto wa kutambaa, ng'oa kila unapochomoza. Kama hapana, uache, haukawii kunyauka wenyewe.