Usharika mpya si lazima uwe parishi kwanza
Kuna swali kama usharika mpya lazima uwe parishi, yaani eneo la kanisa lenye mipaka yake, ndo utambulike. Hapana, kwa Kanisa la Uingereza hauhitaji kuwa parishi kamili. Askofu anaweza kutoa agizo la misheni, yaani hati rasmi ya kuutambua usharika huo, basi watu wanasali na wana kiongozi wao hata kama wako ndani ya mipaka ya parishi nyingine au wametapakaa kwenye parishi tatu nne. Agizo hilo liliingia na sheria ya kanisa ya 2007, sasa liko kwenye ile ya 2011. Parishi za zamani zilizochoka, yaani zisizoweza tena kujiendesha vizuri, ni habari tofauti kidogo, mara nyingi zinawekwa kadhaa chini ya kasisi mmoja na kila moja inabaki na baraza lake. Ila askofu haamki tu akaandika agizo la misheni, lazima ashauriane kwanza na wahusika wa eneo, na hapo ndo maneno huanza.