Tepurekoda ya Rili Ikikokota, Anza na Grisi Kabla ya Kulaumu Mota

Tepurekoda ya rili aliyotuachia baba mdogo hapa Arusha ilikuwa na tabia moja iliyonisumbua tangu siku nilipoitoa stoo. Asubuhi za Julai, baridi inapokuwa kali, sauti ya bibi akisimulia habari za ukoo ilitoka nzito na ya kukokota, lakini mashine ikishawaka kwa nusu saa sauti ilianza kurudi kuwa ile ninayoikumbuka. Fundi wa kwanza alisema mota imechoka, nami nafurahi kwamba sikukubali kuing'oa, kwa sababu kwa kawaida mota iliyochoka huzidi kuharibika ikipata moto, ilhali hii yangu ilikuwa ikipona. Kilichokuwa kikilainishwa na joto ni grisi ya zamani.

Kabla ya kufungua chochote, pima mwendo, na usiupime kwa utepe wenye rekodi unayoithamini. Kwa mwendo wa sentimita 9.5 kwa sekunde, utepe hupita mita 5.7 kila dakika. Nilichukua utepe mtupu, nikaupima kwa futi ya fundi cherehani, nikatia alama mbili za kalamu zenye umbali huo, kisha nikashika saa. Alama ya pili ilifika baada ya sekunde 68. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa na tatizo jingine kabisa, kwa kuwa mota nyingi za zamani hufuata mizunguko ya umeme, ambayo kule ni hezi 60 na kwetu ni 50. Hilo haliponi kwa kusafisha, wala kwa transfoma ya kubadili volti.

Chomoa waya ukutani, kaa mbali na kapasita, yaani vifaa vinavyoweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa, na upige picha kila springi kabla ya kuigusa. Kazi kubwa iko kwenye kapstani, yaani kile kijiti cha chuma kinachovuta utepe kikisaidiwa na rola ya mpira. Chini yake kuna gurudumu zito linalozuia mwendo usiyumbe. Nilipolichomoa taratibu kutoka kwenye bushi, yaani kile kibomba cha chuma ambamo kijiti huzungukia, niliona grisi imegeuka kitu cha rangi ya kahawia, kigumu kama nta ya mshumaa, nikaitoa kwa kijiti cha mshikaki nilichokizungushia kitambaa chenye spiriti, kwa sababu ncha ya bisibisi ingeikwaruza bushi na kuiharibu moja kwa moja. Bushi nyingi za aina hii zina vitundu visivyoonekana vinavyohifadhi oili, kwa hiyo spiriti ikishazikausha ni lazima uzirudishie oili nyepesi na kuziacha zinywe usiku kucha, kisha ufute yote iliyobaki juu. Tone moja likifika kwenye mpira au kwenye breki za kitambaa, utepe utaanza kuteleza na utadhani hujafanya kazi yoyote.

Mkanda wa mpira ulikuwa umeyeyuka na kunata kama lami, nao ulifutika kwa spiriti na subira. Kupata kipimo cha mkanda mpya, zungusha uzi kwenye njia yake, kisha punguza kidogo ili mkanda ukae kwa kukaza. Nakusihi usikate tyubu ya baiskeli, kwani unene wake haulingani pande zote na kila mzunguko utausikia kwenye muziki. Kigurudumu cha mpira kinachopokea nguvu kutoka kwa mota kilikuwa kigumu na kinachong'aa. Nilikipitishia msasa laini huku nikikizungusha kwa mkono, hadi mng'ao ukaondoka.

Nilirudia kipimo cha alama saa 12 asubuhi, dirisha likiwa wazi na mashine ikiwa imelala kwenye baridi: sekunde 60, na mara ya pili 60. Ndipo nikasafisha hedi, sehemu inayosoma sauti kwenye utepe, nikafunga utepe wa bibi, na kuunakili wote kwenye kompyuta siku hiyohiyo.