Kabla hujaagiza mzigo, uliza watu watachomeka nini

Vijana wanaofungua vibanda vya vifaa vya umeme hapa Luthuli Avenue, Nairobi, huniuliza mashine ipi ina picha safi. Hilo ndilo swali nililoanza nalo mimi pia, na lilinila mtaji.

Mwishoni mwa 2007 nilichukua deki sita za HD DVD kwa mwenzangu aliyekuwa akileta bidhaa kutoka Marekani. Diski mbili zilikuwa zinagombea kurithi nafasi ya DVD: HD DVD ya Toshiba na Blu-ray ya Sony na wenzake. Kwa picha, mteja asingeona tofauti. Blu-ray ilibeba gigabaiti 25 kwa tabaka moja, HD DVD 15. Lakini HD DVD ilitengenezwa karibu sawa na DVD, hivyo viwanda vya zamani viliweza kuitoa bila kubadilisha mitambo mingi, na deki zake zilikuwa nafuu. Tena haikuwa na mambo ya kanda, yaani diski ya eneo moja la dunia kukataa kwenye deki ya eneo jingine. Blu-ray ilitugawa: Marekani kanda A, Afrika kanda B. HD DVD ya kutoka ng'ambo ungeicheza Nairobi bila kumtafuta fundi. (Umeme ni jambo jingine, deki za Marekani zilitaka transfoma, na hesabu ya transfoma sikuwa nimeiweka.)

Sikuuliza nani mwenye filamu. Disney na Fox walikuwa upande wa Blu-ray. Warner Bros. ilikuwa ikitoa kwa diski zote mbili, hadi tarehe 4 Januari 2008 ilipotangaza kwamba itabaki na Blu-ray peke yake. Mwezi uliofuata Walmart, maduka makubwa ya Marekani, nayo ikachagua Blu-ray, na tarehe 19 Februari Toshiba ikanyoosha mikono. Wiki sita na ushei tu. Deki zangu nne zilikuwa bado kwenye makatoni.

Kuna mlango mwingine wa pembeni ambao nawaomba muutazame sana. Sony iliweka Blu-ray ndani ya mashine yake ya michezo, PlayStation 3, tangu Novemba 2006. Mzazi alinunua mchezo wa mtoto, kumbe amepeleka deki nyumbani. Microsoft, iliyounga mkono HD DVD, ilikiuza kisomeo cha diski hiyo kando, mwenye Xbox 360, mashine yao ya michezo, akitaka akilipie tena. Wangapi hulipa mara mbili?

Mali ikikwama, msiing'ang'anie kwa hasira. Deki za HD DVD zilicheza DVD za kawaida vizuri, kwa hiyo niliziuza kama deki za DVD, nikimweleza mteja ukweli, chini ya bei niliyonunulia. Toshiba yenyewe iliingia kundi la Blu-ray mwaka 2009. Mwenye duka la futi nane anajivunia nini?

Sasa sikieni kosa la pili, ambalo sipendi kulisimulia. Nikajiona nimeerevuka, nikaagiza Blu-ray, maana ndiyo iliyoshinda. Nayo ikakaa. Mteja wangu alikuwa akishuka River Road kununua DVD zilizochomwa, na muda si mrefu akaanza kuja na flashi ajaziwe filamu. Kilichoshinda Marekani hakikuwa na kazi sebuleni kwake Kayole.

Siku hizi, kabla sijaagiza printa ya aina mpya, nazunguka mjini kwanza kutafuta nani anauza wino wake na kwa bei gani. Nikipata duka moja tu, naiacha. Redio ya gari isiyo na tundu la flashi siigusi, hata sauti yake iwe ya malaika.

Deki moja kati ya zile sita haikupata mnunuzi. Iko kwa dada yangu, na transfoma yake chini ya meza, na diski pekee ninayoiona ikiingia humo ni DVD ya harusi yake.